Bolti Ikidondoka Ghorofani

Msikilizaji, kwenye majengo yanayojengwa kuna imani iliyozoeleka kwamba tofali ndilo la kuogopwa, bolti ni kitu kidogo. Uvutano wa dunia hautambui tofauti hiyo. Mwaka 1971 mwanaanga David Scott aliachia nyundo na unyoya juu ya Mwezi, kusiko na hewa, vikatua pamoja. Hapa kwetu hewa huchelewesha unyoya, lakini bolti haizuiliki hivyo. Kutoka mita 20, bolti na tofali hufika chini baada ya sekunde 2 hivi, vikienda karibu kilomita 70 kwa saa.

Je, uzito hauna maana basi? Unayo, tena kubwa, pale kitu kinapogonga: kwa mwendo uleule, kilicho kizito mara kumi hubeba nishati mara kumi. Hata hivyo bolti hukusanya pigo lake lote mahali padogo, na fuvu la kichwa linaweza kupasuka. Kwa upande mwingine, mkandarasi atasema nyavu za kunasa vitu vinavyodondoka ni gharama, na kofia ngumu zipo. Gharama ni kweli ipo. Ila kofia humlinda fundi, haimlindi mama anayepita barabarani na mtoto mgongoni. Swali ni hili: jengo linapopanda, nani anakagua kinachoweza kumwangukia mpita njia?