Kifaa cha Kusikia Si Zawadi ya Siku Moja

(Mazungumzo yaliyotolewa na idara yetu ya huduma kwa watu wenye ulemavu kwenye mkutano wa kamati za parokia za Kasulu na Kibondo. Tunayachapa kwa ombi la wajumbe.)



Tumeombwa tueleze jinsi vinavyofanya kazi vifaa vya kusaidia kusikia, ambavyo walimu wa elimu maalumu huviita shimesikio. Tutaeleza, lakini kwanza tukiri kosa letu.

Miaka ya nyuma tulipokea boksi la vifaa vilivyokwisha kutumika ng'ambo. Tuliviosha, tukawavalisha wazee na watoto, tukapiga picha, watu wakapiga vigelegele. Mwaka uliofuata tulipita nyumba kwa nyumba, na vingi tulivikuta kabatini. Bibi mmoja wa Kibondo alikuwa amekifunga cha kwake kwenye pindo la kanga, pamoja na fedha zake. Betri ilikuwa imekwisha wiki chache tu baada ya sherehe, na madukani hakupata nyingine. Hakututumia habari kwa kuwa aliona haya kulalamikia zawadi. Kosa halikuwa lake. Sisi tulitoa kifaa bila kutoa huduma yake.

Kusikia sauti bila kuelewa neno

Ndani kabisa ya sikio mna kiungo kilichojiviringa kama konokono, chenye vinyweleo vidogo mno vinavyopokea mitetemo na kuipeleka kwenye ubongo kupitia neva. Uzee, makelele makubwa, homa ya uti wa mgongo na baadhi ya dawa, kama sindano za gentamaisini, huweza kuviharibu. Vikishakufa havioti tena. Mara nyingi vinavyotangulia kufa ni vile vya sauti nyembamba.

Chukueni maneno matatu: fika, shika, pika. Yanatofautiana mwanzoni tu. Irabu ni sauti nene na zina nguvu, lakini f na sh ni nyembamba na dhaifu. Mzee aliyepoteza sauti nyembamba anasikia "ika" tu. Ndiyo maana husema anasikia tukiongea lakini haelewi. Tukimpigia kelele tunaongeza irabu alizokuwa anazisikia tayari, naye anaona tunamgombeza.

Huku kwetu mtu akisalimiwa "Mwakeye" asiitikie, huonekana ana majivuno. Mtoto asiyetii akiitwa huambiwa kuwa sikio la kufa halisikii dawa. Wengine hupewa adhabu shuleni kwa ukaidi ambao hawana.

Ndani ya kifaa

Kifaa cha kisasa kina sehemu nne kuu: maikrofoni, kompyuta ndogo sana, spika na betri. Maikrofoni hugeuza sauti kuwa umeme. Kompyuta hupima umeme huo maelfu ya mara kwa sekunde na kuuandika kama tarakimu. Kisha huzigawa sauti katika mafungu, nene hadi nyembamba, na kila fungu huongezewa nguvu kwa kiasi chake. Mwisho tarakimu hurudishwa kuwa sauti kwenye spika. Yote hayo hufanyika kwa muda mfupi sana, mvaaji asitambue kuchelewa. Vifaa vya namna hii vilianza kuenea tangu mwaka 1996. Vya zamani vilikuza sauti bila hesabu hizo.

Kompyuta hiyo inajuaje kila fungu liongezwe kiasi gani? Inaambiwa na mpimaji. Mtu huvalishwa spika za masikioni, hupigiwa sauti moja baada ya nyingine, na majibu yake huchorwa kwenye chati. Kifaa hupangwa kufuata chati hiyo. Kwa hiyo kifaa kilichopangiwa mtu mwingine ni kama miwani ya jirani. Vile vikuza sauti vya bei rahisi vinavyouzwa mitaani huongeza kila kitu bila kufuata kipimo cha mtu, na vinaweza kuumiza hata kusikia kulikobaki.

Kifaa kizuri huinua sana sauti ndogo, na sauti kubwa huizuia isipite kiasi. Vingine vina maikrofoni mbili, humsikiliza zaidi aliye mbele ya mvaaji na kupunguza makelele ya nyuma. Hata hivyo havirudishi sikio la ujana. Ubongo huhitaji wiki kadhaa kuzoea, na familia inapaswa kuongea polepole, ikimtazama mtu usoni.

Betri, unyevu na sikio linalokua

Betri nyingi za vifaa hivi hutumia zinki na hewa. Zina matundu madogo yaliyofunikwa kwa karatasi ya kunata. Ukiibandua, hewa huingia na betri huanza kufanya kazi. Ngoja kama dakika moja kabla ya kuitia kwenye kifaa. Kuirudisha karatasi hakuizuii kuisha. Nyingi hudumu siku kadhaa hadi wiki mbili hivi. Zifichwe mbali na watoto, maana zikimezwa zinaweza kuunguza koo.

Masika yetu ni marefu, na unyevu huharibu vifaa. Usiku kifaa kiwekwe kwenye kopo lililofungwa vizuri, pamoja na vifuko vya chembe za kukausha. Kisianikwe karibu na moto.

Kipande kinachoingia sikioni hufinyangwa kufuata umbo la sikio. Kikilegea, sauti hutoroka, hurudi kwenye maikrofoni, na kifaa hupiga mluzi. Mtoto mdogo anaweza kuhitaji kipande kipya kila baada ya miezi michache, kwa kuwa sikio lake linakua.

Inawezekana. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, katika kijiji cha Otse nchini Botswana, viziwi wenyewe walifundishwa kuunda vifaa na chaja za mwanga wa jua. Jua hilo hata sisi tunalo.

Tunachoomba

Kwa mujibu wa ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2021, watu zaidi ya milioni 430 wanahitaji huduma ya usikivu, na karibu asilimia 80 wanaishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati.

Kwa wafadhili: mkitoa vifaa kumi, toeni pia betri za miaka, vipande vya masikio, na nauli ya mpimaji. Kutoka Kibondo hadi Kigoma mjini ni zaidi ya kilomita 200. Ni rahisi mpimaji aje kuliko wazee ishirini waende. Vifaa vichache vinavyotunzwa ni bora kuliko boksi zima la kabatini.

Kwa kamati: kila parokia ichague mtu mmoja wa kutunza akiba ya betri, kusafisha vifaa na kuwatembelea wavaaji kila mwezi. Sikio linalotoa usaha lipelekwe kituo cha afya mapema. Lisitiwe mafuta wala majani. Na mtoto ambaye kifaa hakimsaidii asihesabiwe kuwa ameshindikana. Anahitaji lugha ya alama na shule. Jirani zetu Tabora wana shule ya viziwi tangu mwaka 1963.

Yule bibi wa Kibondo alipatiwa betri mpya siku ileile tuliyomtembelea. Lakini betri hiyo nayo iliisha. Swali letu kwenu leo ni nani katika parokia yake atampelekea nyingine.