Jiko la Kuni Kama Chanzo cha Maji Moto na Joto la Nyumba: Usalama wa Mfumo Pampu Inaposimama

Mada hii inajadili mfumo unaopatikana katika nyumba nyingi za mashambani nchini Uingereza na Ireland, ambamo jiko moja la kuni lililowekwa sebuleni hupasha maji ya kuogea na wakati huohuo kupeleka joto katika vyumba vingine kwa njia ya rejeta, yaani vyombo bapa vya chuma vinavyofungwa ukutani na kupitishiwa maji moto. Hoja yake kuu ni kwamba moto wa kuni, tofauti na ule wa gesi, hauzimiki kwa kubonyeza swichi, na kwa sababu hiyo fundi anapaswa kujiuliza kwanza joto litakwenda wapi pale ambapo hakuna anayelihitaji, kabla hajajiuliza litafikaje vyumbani.

Kiini cha mfumo ni boila, ambayo ni kisanduku cha chuma chenye maji kilichojengwa nyuma au ubavuni mwa chumba cha moto. Maji yakipata joto humo huwa mepesi na kupanda, na yale yaliyopoa, kwa kuwa ni mazito zaidi, hushuka na kurudi jikoni. Mwendo huu usiohitaji mashine yoyote huitwa mzunguko wa asili, nao ndio unaofaa kulisha tangi la maji moto lililowekwa juu ya usawa wa jiko. Rejeta za vyumba vya mbali, kwa upande wake, hutegemea pampu ya umeme.

Utegemezi huo ndio chimbuko la hatari. Kilo 1 ya kuni kavu ina nishati ya takriban kilowati-saa 4, ilhali kupandisha joto la lita 100 za maji kwa nyuzi 50 za Selsiasi huhitaji kilowati-saa zisizofika 6, hivyo kilo 5 za kuni zilizokwisha kushika moto, hata baada ya kutoa kinachopotelea katika dohani, zinalizidi kwa mbali hitaji la tangi la namna hiyo. Umeme ukikatika wakati huo, pampu husimama lakini moto huendelea, na maji yaliyonaswa ndani ya boila yakigeuka mvuke hutaka nafasi inayokaribia mara 1,600 ya ile ya awali. Uingereza imeshuhudia vifo kutokana na boila kuukuu zilizoachwa nyuma ya meko zikiwa zimezibwa mabomba na maji yamebaki ndani, kisha moto ukawashwa mbele yake.

Kinga iliyozoeleka huko ni bomba la kupumulia, lisilo na vali hata moja, linalopanda moja kwa moja kutoka kwenye boila hadi juu ya tangi dogo la darini, pamoja na rejeta ya dharura iliyounganishwa kwenye mzunguko wa asili kwa namna ambayo mkaazi hawezi kuifunga. Mafundi wa Ujerumani na Sweden hutumia pia mifumo iliyofungwa, yenye vali inayoruhusu maji baridi ya bomba kuipoza boila joto linapokaribia nyuzi 95, na wengi wao huongeza tangi kubwa la kuhifadhia joto, jambo linalostahili kuigwa kwa kuwa huruhusu kuni ziwake kwa nguvu bila kubanwa hewa.

Tatizo la pili halionekani kwa haraka. Maji yanayorudi jikoni yakiwa chini ya nyuzi 55 hivi huacha kuta za boila zikiwa baridi, unyevu wa moshi ukagandamana juu yake pamoja na masizi, na matokeo yake ni utando mweusi unaonata kama lami, ambao hula chuma na ukifika katika dohani unaweza kushika moto. Vali ya kuchanganya, ambayo huyarudisha jikoni sehemu ya maji moto kabla hayajaenda kwenye rejeta, huondoa tatizo hilo, mradi kuni zenyewe ziwe na unyevu usiozidi asilimia 20.

Inapendekezwa, kwa hiyo, kwamba kabla ya makabidhiano fundi awashe moto kamili, akate umeme wa pampu mbele ya mwenye nyumba, na kuishika kwa mkono rejeta ya dharura hadi ipate moto. Mfumo usiopita jaribio hilo usikabidhiwe.