Rimoti za Mawimbi ya Redio katika Nyumba Moja

Katika nyumba nyingi za Muheza, rimoti ya televisheni au ya king'amuzi hutumia mwanga wa infraredi, yaani mwanga usioonekana kwa macho, ambao haupenyi ukuta wa matofali, na kwa hiyo rimoti ya sebuleni haisumbui chombo kilichomo chumbani. Rimoti ya mawimbi ya redio hupenya kuta na milango, jambo ambalo ni faida yake na pia chanzo cha usumbufu.

Rimoti ya pamoja ya aina hii, ambayo huongoza vyombo kadhaa, aghalabu hupeleka mawimbi hayo kwa kipokezi kidogo kilichowekwa karibu na televisheni, nacho huyageuza kuwa infraredi. Baadhi ya rimoti hizo hutumia masafa yaliyo karibu na megahezi 433.92, na nchini Tanzania msimamizi wa masafa ni Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA). Rimoti mbili za masafa hayohayo hukaa nyumba moja bila ugomvi iwapo kila moja, pamoja na kipokezi chake, imepewa namba yake ya utambulisho, kwa kuwa kipokezi hupuuza amri yenye namba ngeni. Kosa kubwa, na la kusikitisha kwa wepesi wa kuliepuka, ni kuziacha zote na namba ya kiwandani. Wakati wa kuoanisha rimoti na kipokezi chake, kipokezi cha pili kizimwe kabisa. Hata hivyo, vitufe viwili vikibonyezwa kwa wakati mmoja, mawimbi hugongana, na amri hulazimika kurudiwa.