MITA ILIYOKWISHA TUMIKA: TUIFUNGUE KABLA YA KUIAMINI

(Maneno tuliyowaambia wafanyakazi wa Masara)



Reli haifiki hapa Masara, lakini umeme wa karakana zetu za reli ndio huohuo unaozungusha mashine zenu za kusaga mawe ya dhahabu: volti 240, na 415 kati ya nyaya mbili za moto. Basi tuseme habari ya mita ya tarakimu iliyokwisha tumika.

Ganda nene lisitudanganye. Ganda huilinda mita. Fyuzi humlinda mtu. Kwanza tuchomoe nyaya za kupimia, tuzime mita, ndipo tufungue skrubu za nyuma. Betri ikiwa imevuja, tutaona ukoga. Kisha tutazame fyuzi. Ya haki huwa ya kauri, ndani ina mchanga, imeandikwa volti 600 au 1000. Tukikuta kipande cha waya mahali pake, mita hiyo isiguse kazi. Mtu akisahau nyaya kwenye tundu la ampea, akapima volti, mita yaweza kumlipukia mkononi.

Tukiisha kuifunga, tuijaribu penye umeme tunaoujua, tupime mahali pa kazi, kisha turudi tuijaribu tena palepale pa kwanza.

Ndugu, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 yamtaka mwajiri atoe vyombo vya kazi vilivyo salama. Fyuzi ya haki ni deni lake, si la mishahara yetu. Tuidai kwa umoja.