Ruta ya Nyumbani: Tuulize Chipu Kabla ya Bei

Leo tunakizungumzia kifaa ambacho katika nyumba nyingi kinakaa nyuma ya televisheni au juu ya kabati, kinafanya kazi usiku na mchana, na watu hukikumbuka pale tu intaneti inapokatika. Kifaa hicho ni ruta. Na tunazungumza hasa na wewe unayetaka kununua ruta itakayoendeshwa na programu huria, yaani programu ambayo msimbo chanzo wake uko wazi, na kila mtu ana ruhusa ya kuusoma, kuurekebisha na kuwagawia wengine.

Kwa nini mtu ajipe kazi hiyo? Ruta ni kompyuta kamili: ina kichakataji, ina kumbukumbu, na ina programu yake. Humo ndimo hupita mazungumzo yako na ndugu, malipo yako na masomo ya watoto wako. Sasa, programu yoyote huwa na kasoro, na kasoro huzibwa kwa masasisho. Siku mtengenezaji anapoacha kutoa masasisho, kasoro mpya zinabaki wazi, ingawa kifaa chenyewe bado ni kizima. Mwezi Mei 2018, watafiti wa usalama wa kampuni ya Cisco walitangaza kwamba programu haribifu waliyoiita VPNFilter ilikuwa imeingia katika vifaa visivyopungua 500,000, katika nchi zisizopungua 54. Vingi vilikuwa ruta za nyumbani na za ofisi ndogo.

Programu huria inakupa njia nyingine. Mtengenezaji akikuacha, jamii ya watunzi wa programu inaweza kuendelea kukihudumia kifaa chako. Lakini, msikilizaji, hapa pana sharti, na ndilo kiini cha mazungumzo yetu: si kila ruta inaweza kuhudumiwa hivyo. Uamuzi wote unafanyika dukani, siku ya kununua. Ukikosea chipu, hakuna programu itakayokuokoa.

Tuanze na historia, maana imebeba somo lote. Mwishoni mwa mwaka 2002, kampuni ya Linksys ya Marekani ilitoa ruta ya nyumbani iliyoitwa WRT54G. Mwaka uliofuata, wataalamu waligundua kwamba ndani yake mnafanya kazi mfumo endeshi huria wa Linux, ambao leseni yake inamtaka anayeusambaza atoe na msimbo chanzo. Walidai haki hiyo, na mwaka huohuo 2003 msimbo ukatolewa hadharani. Mwanzoni mwa mwaka 2004 ukazaliwa mradi wa OpenWrt, ambao jina lake bado limebeba herufi za ruta ile. Hadi leo ndio mradi mkubwa wa programu huria kwa ruta za nyumbani.

Sasa sikiliza kilichofuata. Mwaka 2005 ilitoka WRT54G toleo la 5. Jina ni lilelile, umbo ni lilelile, rangi ni ileile ya bluu na nyeusi. Lakini ndani, kumbukumbu ilikuwa imepunguzwa nusu: flashi kutoka megabaiti 4 hadi 2, RAM kutoka megabaiti 16 hadi 8. Na Linux ilikuwa imeondolewa. Aliyenunua kwa kulitazama jina peke yake alirudi nyumbani na kifaa kingine kabisa. Kwa waliotaka Linux, kampuni ilitoa ruta ya pembeni, WRT54GL, yenye kumbukumbu ya kiasi kile cha zamani.

Somo la kwanza basi ni hili: usinunue jina, nunua toleo. Geuza ruta, soma lebo iliyo chini yake. Utaona jina la modeli, na mara nyingi karibu yake herufi V na namba: V1, V2, V3. Namba hiyo ndogo inaweza kutenganisha kifaa kinachokubali programu huria na kisichokubali. Mradi wa OpenWrt una orodha ya vifaa inayotaja kila modeli pamoja na toleo lake. Ikiwa toleo lililo mkononi mwako halimo katika orodha, usijifariji kwamba linafanana na lililomo.

Jambo la pili ni chipu ya waifai. Redio ya waifai haifanyi kazi bila draiva, programu ndogo inayojua kuzungumza na chipu hiyo. Draiva ikiwa imefungwa, watunzi wa programu huria hawawezi kuirekebisha. WRT54G yenyewe ilikumbwa na hilo. Chipu yake ilitoka kampuni ya Broadcom, na draiva yake ilikuwa imefungwa, imefungamana na Linux ya zamani. Dunia nzima ilisonga mbele na Linux mpya, lakini waliotaka kuitumia waifai ya ruta ile kwa draiva hiyo walibaki nyuma kwa miaka. Kwetu huku mtu hanunui gari kabla ya kuuliza spea zake zinapatikana wapi. Draiva ndiyo spea ya ruta. Leo, chipu nyingi za waifai za MediaTek zina draiva ya wazi iitwayo mt76, iliyomo ndani ya Linux yenyewe. Chipu nyingi za Qualcomm Atheros nazo zina historia nzuri. Za Broadcom zinahitaji tahadhari kubwa: mara nyingi utakuta ruta inawaka, kebo zinafanya kazi, lakini waifai haitoki, au inatoka kwa udhaifu.

Jambo la tatu ni kumbukumbu, nazo ziko mbili. Flashi ni mahali programu inapokaa hata umeme ukizimwa. RAM ni mahali programu inapofanyia kazi wakati ruta inawaka. Miaka mingi ruta za bei nafuu zilitoka na flashi ya megabaiti 4 na RAM ya megabaiti 32, na OpenWrt ikazifaa. Lakini programu inakua, na mradi wenyewe ukaacha kuzihudumia. Hata megabaiti 8 za flashi na 64 za RAM leo ni kuishi kwa kubana. Kwa anayenunua sasa, chukua flashi ya megabaiti 16 na RAM ya megabaiti 128 kuwa ndio chini kabisa, na ukiweza kupanda, panda. Usidharau hili. Kumbukumbu haiongezwi baadaye; imechomelewa kwenye ubao.

Jambo la nne ni kichakataji, na hapa watu wengi hudanganywa na namba za kwenye boksi. Ukiona AC1200, usidhani ni kasi ya intaneti utakayoipata. Ni takriban jumla ya megabiti 300 kwa sekunde za mawimbi ya gigahezi 2.4 na megabiti 867 za gigahezi 5, kwa hesabu ya nadharia. Na baadhi ya ruta zenye namba hiyo zina matundu ya kebo ya megabiti 100 tu. Swali lako liwe: laini ninayoilipia ina kasi gani, na je, kichakataji hiki kinaimudu?

Kinaimudu kwa kazi ipi? Tuseme mtoto anapakia video, na mama yuko kwenye simu ya WhatsApp na dada yake aliyeko Muscat. Sauti inakatika. Mara nyingi kujaa kwa laini peke yake si kosa. Tatizo ni kwamba vifaa vya njiani vinashikilia foleni ndefu mno ya data, na sauti ya mama imekwama nyuma ya video. Watunzi wa programu huria, akiwemo marehemu Dave Täht wa Marekani, walilifanyia kazi tatizo hili kwa miaka, na matokeo yake ni mbinu za kupanga foleni ziitwazo fq_codel na CAKE, ambazo zote zinapatikana katika OpenWrt. Mbinu hizi hutenga mazungumzo na upakiaji, kila kimoja kikapata zamu yake. Kwa nyumba yenye watu wengi na laini moja, hii peke yake ni sababu tosha ya kubadili programu. Lakini upangaji huo hufanywa na kichakataji. Kwa laini ya megabiti 20, ruta ya kawaida itamudu. Kwa laini ya faiba ya megabiti mia kadhaa, tafuta kichakataji chenye nguvu, cha koa mbili au zaidi, yaani viini vya kuchakata.

Jambo la tano ni matundu. Kama una faiba, kampuni imekuwekea kisanduku chake, na kwa kawaida huwezi kukiondoa. Hakuna tatizo: ruta yako itakaa nyuma yake, ikipokea intaneti kwa kebo, kwa hiyo hakikisha ina tundu la WAN, yaani la kupokelea intaneti. Kama unatumia laini ya simu, tafuta ruta yenye tundu la USB linaloweza kupokea modemu, au iache modemu yako ya 4G ifanye kazi yake na uiunganishe kwa kebo. Wengine huuliza kama kompyuta ndogo ya Raspberry Pi inaweza kuwa ruta. Ni kompyuta nzuri ya kujifunzia, lakini ina tundu moja tu la kebo, na waifai yake ndogo haikukusudiwa kuhudumia nyumba nzima.

La sita ni umeme, na hili tusilipite haraka. Ukinunua ruta iliyotumika ng'ambo, iwe umeipata katika maduka ya Kariakoo au ya Luthuli Avenue, soma adapta yake kabla ya kuichomeka. Ikiandikwa volti 100 hadi 240, ni salama. Ikiandikwa volti 120 peke yake, itaungua kwenye umeme wetu. Pia pendelea ruta inayotumia volti 12: ni rahisi kuiwekea betri ndogo ya akiba, na intaneti ikabaki hata umeme ukikatika, maadamu mitambo ya kampuni yako nayo inawaka.

Sasa, kwa mwenye uwezo na asiyetaka kubahatisha, ipo OpenWrt One, iliyotoka mwishoni mwa mwaka 2024. Hii ni ruta iliyobuniwa na mradi wenyewe pamoja na shirika la Software Freedom Conservancy, ikatengenezwa na Banana Pi. Ina chipu ya MediaTek, kichakataji cha koa mbili na RAM ya gigabaiti 1. Ilitangazwa kwa bei ya dola 89 za Marekani pamoja na kasha lake, kabla ya usafiri na ushuru. Kinachonifurahisha zaidi ni flashi zake mbili zilizotenganishwa: moja ni ya matumizi ya kila siku, nyingine imehifadhiwa kwa ajili ya uokoaji. Ukiharibu programu, unawasha upya kutoka ile ya pili. Hivyo kijana anaweza kujifunza bila woga wa kuua kifaa cha familia.

Lakini si lazima uanzie hapo. Ruta ya kawaida ya dukani inatosha, mradi umeuliza kwa mpangilio sahihi: toleo, chipu, kumbukumbu, kichakataji, matundu, umeme. Bei ije mwisho, ichague kati ya zile zilizopita mtihani. Ruta ya bei rahisi isiyokubali masasisho utainunua tena baada ya miaka michache, na katikati ya miaka hiyo nyumba yako itakuwa na mlango usiofungika. Ruta iliyochaguliwa vizuri inaweza kukaa na familia miaka kumi, ikiwa salama hadi mwisho.

Kabla ya kipindi kijacho, nakupa kazi moja. Chukua kalamu, geuza ruta yako, uandike modeli na toleo lake, kisha utafute katika orodha ya OpenWrt. Huenda tayari unayo inayofaa. Wiki ijayo tutazungumzia hatua za kuweka programu yenyewe, na namna ya kuhifadhi ile ya zamani kwanza.