Kalamu Zetu na Wachuuzi Wadogo wa Maretadu
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama)



Twashukuru kupewa nafasi ya kunena juu ya wachuuzi wadogo wa Maretadu: mama auzaye maharage kwa debe, kijana mwenye cherehani barazani, na fundi wa baiskeli. Bidii wanayo, wapungukiwacho ni mtaji, na mtu wa kuwadhamini.

Husemwa kwamba huku vijijini hapana msaada. Neno hilo si kweli. Kwanza, sheria yaiagiza kila halmashauri itenge sehemu 10 katika kila 100 za mapato yake ya ndani, ziwe mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023, maana fedha nyingi zilikuwa hazikurejeshwa, ikarudishwa mwaka 2024. Pili, liko shirika la SIDO, lililoundwa mwaka 1973, lifundishalo kazi za viwanda vidogo, kama kukamua alizeti. Tatu, viko vikundi vya kuweka na kukopa tuviitavyo VICOBA. Mfano wake ulitoka kwa wanawake wa nchi ya Niger, mwaka 1991. Fedha hukaa katika sanduku lenye kufuli tatu, na funguo hushikwa na watu watatu mbali mbali, hata mmoja asiweze kulifungua peke yake.

Lakini njiani kuna kizuizi kimoja, nacho ni maandishi. Kikundi kitakacho mkopo wa halmashauri shurti kiandikishwe, kiwe na katiba na akaunti ya benki. Hata kikundi cha sanduku hudaiwa kujiandikisha, tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018. Mama wa maharage aijua hesabu yake kichwani kutupita sisi. Walakini hesabu ya kichwani haisomeki mbele ya afisa, wala haiamui ugomvi siku ya kugawana. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Wenzetu, fedha hatuna za kugawa, lakini kalamu tunayo. Bwana Martin Kayamba na wenzake walipoanzisha chama cha watumishi Waafrika wa serikali huko Tanga, mwaka 1922, elimu ya ofisini ndiyo iliyokuwa silaha yao. Yafaa elimu hiyo ivuke mlango wa ofisi.

Basi twaomba kila mwanachama achague kikundi kimoja, akipe jioni moja kila mwezi. Amfundishe katibu wao kuandika kumbukumbu za mkutano, na kutenga fedha iliyoingia na iliyotoka. Asiwe katibu yeye mwenyewe, kwani akihamishwa kituo, daftari litakufa.

Tena tujiwekee miiko mitatu: tusishike ufunguo wa sanduku, tusikope humo, tusipokee malipo. Karani akikopa asirudishe, mchuuzi gani atathubutu kumdai mtu ambaye kesho atamhitaji ofisini? Kikundi kitavunjika kimya kimya, na akiba ya mwaka mzima itakwenda nacho.

Bwana Mwenyekiti, twaomba jambo hili lipigiwe kura leo, na majina ya watakaoanza yaandikwe kabla hatujatawanyika.