Hotuba Juu ya Kupangwa Upya kwa Ofisi za Umeme, Iliyosomwa Katika Mkutano wa Mwaka, Kitisuru



 Jambo tulilotakiwa kulieleza ni hili: serikali inapoyapanga upya mashirika yake na ofisi zake, hasa za umeme, je, sisi wakaaji wa Kitisuru tunalo la kusema, au tutakaa kimya?

Wengi wetu ni watunza bustani, wapishi, walinzi, madereva na wenye vibanda. Mtu akiuliza umeme wawahusu nini watu kama hawa, na amwulize mwuza maziwa ambaye stima imempotea tangu jioni hata asubuhi.

Kwanza yafaa tujue umeme wenyewe watoka wapi. Katika Mto Tana yako mabwawa matano: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Kindaruma lilitangulia, mwaka 1968. Kiambere likaja mwisho, mwaka 1988. Siku hizi mvuke wa ardhini wa Olkaria hutoa umeme mwingi kupita maji. KenGen huzalisha, KETRACO hujenga njia kubwa za kuusafirisha, na Kenya Power huugawa na kuuuza majumbani.

Haikuwa hivi tangu mwanzo. Kampuni ya East African Power and Lighting ilianza mwaka 1922. Mwaka 1954 ikaundwa Kenya Power Company, ili kuleta umeme kutoka Uganda. Mwaka 1997 kazi ya kuzalisha ilitengwa na kazi ya kugawa, na mwaka 2008 KETRACO ikazaliwa. Hata bwawa la Masinga lilijengwa chini ya TARDA, mamlaka iliyoundwa mwaka 1974, walakini mitambo yake huendeshwa na KenGen. Basi kila nyumba ilipogawanywa vyumba, milango iliongezeka, na mwananchi akazidi kutojua abishe hodi wapi.

Sasa upepo wavuma kwa upande wa kuunganisha. Mwezi wa Januari 2025 Baraza la Mawaziri liliamua kwamba mashirika 42 ya serikali yaunganishwe yawe 20, ili kupunguza gharama na kuondoa kazi zinazofanana. Habari za namna hiyo humfanya mtu aulize: je, na ofisi iliyo karibu nami itabaki? Sisi hatupingi uangalifu wa fedha, kwani kodi ni jasho letu. Walakini tunayo sababu ya kuuliza, na sababu hiyo tumeipata humu humu chamani.

Wazee wakumbuka kwamba sisi wenyewe tuliifunga meza yetu ya Kangemi, tukaiunganisha na hii ya hapa. Tulihesabu akiba: kodi ya chumba na posho ya karani mmoja. Kisha mwanachama mmoja akafiwa na mkewe siku ya Ijumaa. Alikwenda Kangemi akakuta kufuli. Alipofika kwetu, miongoni mwetu hapakuwa na aliyemjua kwa uso, tukamtaka alete barua ya chifu. Fedha za maziko zilitoka baada ya maziko. Karani wa Kangemi angalimpa siku ile ile. Kosa lile lilikuwa letu, nasi twalikiri mbele yenu kwa haya.

Tulichojifunza ni kwamba gharama ile haikupotea. Ilihama tu: ilitoka katika daftari letu, ikaingia mfukoni mwa mfiwa, pamoja na nauli na machozi yake. Ndivyo iwezavyo kuwa kwa ofisi yoyote ya umeme inayosogezwa mbali na watu.

Wenzetu, asiyekuwapo na lake halipo. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 10, yahesabu ushiriki wa wananchi kuwa miongoni mwa maadili ya taifa, na Jedwali lake la Nne laipa serikali ya kaunti sehemu katika mpango wa usambazaji wa umeme. Sheria ya Nishati ya mwaka 2019 nayo iliunda EPRA, ya kusimamia mambo ya nishati, pamoja na baraza la kuamua mashauri yake. Milango hiyo ipo. Hapana budi tuigonge.

Kwa hiyo twaleta mapendekezo matatu. La kwanza, tuandike barua kuomba kwamba ofisi yoyote ya umeme inayotuhudumia isihamishwe wala kuunganishwa kabla hatujaulizwa, na kwamba abaki karibu nasi afisa mwenye uwezo wa kuamua, maana si kila mzee awezaye kueleza shida yake kwa simu. La pili, kila mwanachama aandike tarehe na saa stima inapopotea na inaporudi, na nambari ya malalamiko yake. Barua isiyo na tarehe ni kilio tu. La tatu, kabla hatujawataka wengine wawe karibu na watu, tuifungue tena meza yetu ya Kangemi.

Hilo la tatu litatugharimu fedha, na mhazini amekwisha tuonya. Hata hivyo twawasihi, wazee wetu, mlipitishe leo, ili barua yetu itoke katika mikono safi.